Mkamburi na Mstari wa Wake

Mwanamke ninayeandika habari zake hapa hakuwahi kuwa kiongozi wa chochote. Jina lake ni Mkamburi, mama yake mama yangu, na mimi humwita Nyanya. Kijiji chetu kiko juu milimani, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila hodi na kukaa mpaka jua liwe kali. Mtu akipita njiani asubuhi, kwanza unasikia kikohozi chake, kisha jembe lake likigonga jiwe, halafu ndipo unamwona mwenyewe, kama aliyezaliwa papo hapo.

Nyanya alikuwa akikaa mlangoni kuutazama ule ukungu. Alikuwa na subira nao. Ulipofunguka, nyika ya Mraru ilionekana chini, na makonge yamepandwa mistari mistari mpaka macho yanachoka, kama nywele zilizochanwa na mtu asiye na huruma.

"Pale tulikuwa tunalisha," alikuwa akisema, akinyoosha kidole mahali ambapo mimi sikuona kitu ila makonge. "Na pale karibu na jiwe ndipo tulipanda mahindi mwaka mvua ilipokataa huku juu."

Nilikulia mlangoni hapo. Mama yangu alirudi kutoka kwa mume akiwa na mimi mgongoni, akafa nikiwa bado mdogo. Wajomba wakasema Mkamburi anahitaji mtu wa kumtekea maji, na mtu huyo nikawa mimi. Watoto wao walikwenda shule. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, kwenye masomo ya ngumbaru kanisani, na wakati huo nilikuwa nimeshazoea kuyashika mambo kichwani. Hadithi hii niliishika kichwani kwa sababu Nyanya aliirudia kama mtu anayeota ndoto ileile, kila mara akiongeza kitu kidogo: rangi ya kanga, harufu ya pombe, mbwa aliyepita.

Lazima kwanza nieleze jambo la kwetu. Kwetu sisi Wadawida, watu wa milima hii, hasira si kitu cha kuficha moyoni ukadhani imelala. Hasira ya mtu mzima iliyofichwa hutoka yenyewe usiku ikaenda kumgusa mtoto, au ng'ombe, au shamba. Ndiyo maana wazee walikuwa na desturi ya kutasa. Unatia pombe ya miwa kinywani, au maji tu, unaipuliza nje kama mvua nyembamba, na unasema: kama nilikuwa na hasira na fulani, iende na haya. Ukishatema, umemaliza. Huwezi kurudi kesho ukalidai jambo lilelile. Na ukitema kwa uongo, ole wako wewe na watu wako.

Wakati Nyanya alipoolewa, Wazungu walikuwa wameshaichukua nyika na kuipanda makonge. Wazee wa milimani wakaunda chama cha kuidai. Walikutana chini ya miamba, wakatuma watu Nairobi, wakasema hawatahama wala hawatapunguza ng'ombe. Serikali ikawakamata. Babu yangu alikuwa kijana tu, kazi yake kubeba habari kutoka kijiji hadi kijiji, lakini naye alifungwa kamba na kuteremshwa Voi, akapandishwa gari la moshi pamoja na wenzake. Nyanya alikuwa na mtoto mchanga. Alisema gari lile alilisikia likilia huko chini kwa siku nyingi baada ya kuondoka, hata palipokuwa kimya.

Basi Mzungu aliyetawala wilaya akasikia habari za kutasa. Labda chifu alimwambia, labda mmisionari. Akaona hilo ndilo jambo: wakiitema hasira mbele yake, madai ya ardhi yamekwisha kwa sheria yao wenyewe, na hata wale waliofungwa wakirudi watakuta jambo limezikwa. Lakini wanaume waliofaa kutema walikuwa kifungoni. Akaamuru wake zao waje badala yao.

Walipangwa mstari mbele ya kituo cha chifu. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na Nyanya alisema ule mstari haukuwa na mwisho, kwamba wanawake waliingia katika weupe na huwezi kujua walifika wapi. Labda, alisema, hata waliokufa zamani walisimama huko nyuma. Mtungi wa pombe uliletwa pamoja na kata ya kuchotea. Mkalimani, kijana wa Bura aliyesoma misheni, akasimama kando ya Mzungu.

"Mama zangu," akasema, "mtachukua kidogo, mtasema maneno, kisha mtatema. Bwana anataka amani."

"Bwana ana hasira na nani?" mwanamke mmoja akauliza.

"Hana hasira na mtu."

"Basi kwa nini asituache twende shambani?"

Nyanya alikuwa wa kwanza. Akajaza kinywa, akafunga macho. Alichoniambia ni kwamba alimwona babu amesimama nyikani miguu mitupu, katikati ya ng'ombe, akimtazama. Alisimama karibu kabisa. Nyanya akafikiri: nikitema, itampata usoni.

Akameza.

Aliyekuwa nyuma yake aliona koo lake likishuka. Naye akameza. Na wa tatu, na wa baada yake, mstari mzima ukaingia ukunguni ukimeza, na hakuna aliyefungua kinywa ila kwa kupiga mbweu. Mzungu alitazama, akacheka, akasema neno kwa mkalimani.

"Bwana anasema mna kiu sana," yule kijana akasema. "Anasema muongezewe."

Wakaongezewa. Wakameza tena. Mkalimani alijua alichokuwa akikiona. Chifu naye alijua. Alikuwa akitazama viatu vyake. Lakini mama yake mkalimani alikuwa katikati ya mstari ule, na mtoto hawezi kumwambia mgeni kwamba mama yake ameapa kutosamehe. Akanyamaza. Mzungu, aliyedhani kunywa na kutema ni jambo moja, akawashika mikono wote, akapanda farasi wake, akaenda kuwaambia wenye makonge kwamba jambo limekwisha.

"Tulirudi nyumbani tukiyumba," Nyanya alikuwa akisema, na hapo ndipo alipokuwa akicheka. "Tulikuwa tumelewa. Mwenzangu alianguka kwenye mgomba akasema hapa hapa nilazeni. Watu wanaopigania nchi, wamelewa saa nne asubuhi."

Tangu siku hiyo wake wale hawakushuka tena kufanya kazi kwenye makonge. Wasimamizi walipokuja kuwaita walikuta milango imefungwa na moto hauwaki, na watu wamekaa ndani kimya kama mawe. Miche ilikauka kwenye vitalu. Polisi walipanda mlimani, wakawapiga. Nyanya alivunjwa mkono wa kushoto, ukaunga vibaya, na mpaka leo anapobeba kitu hukishika kama anayempakata mtoto. Mzungu wa wilaya, wanasema, aliendelea kuuliza kwa nini, maana yeye mwenyewe aliwaona wakifanya amani.

Kisha uhuru ukaja. Babu alikuwa amerudi miaka michache kabla, miguu imevimba, asiyesema sana. Wale wanawake walitengeneza pombe, wakaijaza kwenye kibuyu, wakavaa kanga zao nzuri na kushuka mpaka kwenye ua wa makonge wakaiteme hasira sasa, kwa kuwa ardhi imerudi. Getini palikuwa na askari Mwafrika.

"Mnaenda wapi, mama?"

"Kwetu."

"Kwenu ni huku ndani?"

Shamba lilikuwa limeuzwa kwa watu wengine. Waya ulikuwa uleule, mistari ileile. Walisimama pale mpaka kivuli cha mlima kikawafikia, kisha wakakipandisha kibuyu tena mlimani, kizito kama kilivyoshuka. Babu alikufa mwaka huohuo. Nyanya hakumlilia mbele ya watu. Alisema angemlilia akiwa na mahali pa kuyamwagia machozi.

Nchi ilisahau upesi. Ukoo haukusahau, lakini ulikumbuka vibaya. Wale wake wengine walikufa mmoja mmoja, na wengine waliokoka wakatema kanisani. Akabaki Nyanya. Mtoto akipata homa, walisema ni hasira ya Mkamburi. Mvua ikikosa, ni Mkamburi. Siku za sikukuu walimsifu kwamba alimshinda Mzungu, na siku za kawaida hawakutaka watoto wao wapite mlangoni pake. Walikuja kumsihi atase. Yeye aliwajibu neno moja: "Hii si yenu. Nikiitema hapa itamwangukia nani?"

Mimi nilikuwa ndani nikisikia. Nilipika, nikateka maji, nikamwosha. Nyumba yake ilipoanguka upande mmoja niliikandika upya kwa mikono yangu, nikapanda parachichi na miwa. Halafu mwana wa mjomba wangu, Fanuel, alistaafu kazi ya serikali akarudi nyumbani. Akaitisha wazee. Wakasema mtoto wa binti hana fungu. Nikatoka na godoro na sufuria, nikaja Voi, mtaa wa Kaloleni, chumba kimoja, nikasuka vikapu vya katani. Nyanya wakamhamishia jikoni kwa Fanuel. Nyumba yangu wakaifanya ghala la mahindi. Hayo niliyaweka mahali ninapoweka mambo, na hayajatoka huko.

Mwaka jana Fanuel alinijia Kaloleni. Nilikuwa nimekaa nje na jirani yangu Ajiambo, mwanamke kutoka magharibi mwa nchi, ambaye baba yake alikuja zamani kukata makonge na akazeekea humo.

"Dada Wakesho," Fanuel akasema. "Umenenepa."

"Ni kulala bila kuitwa," nikamwambia.

Ajiambo akamsogezea kigoda. "Kaa, shemeji. Hiki kigoda hakina kesi."

Akakaa. Akaeleza. Muda wa kampuni ya makonge kulishika shamba ulikuwa unakwisha, na ukoo wetu ulikuwa umedai nyika. Sasa kampuni ilikuwa tayari kutuachia kipande, upande wa mawe, ikiwa tungetangaza hadharani kwamba hatudai tena. Wazee walikuwa wamekubali. Lakini watu wa milimani walisema hakuna tangazo la kweli Mkamburi akiwa bado hajatema. Kungekuwa na sherehe. Kampuni ingemtuma Bwana Muli, mtu wao wa mambo ya jamii.

"Basi mwambieni ateme," nikasema.

"Yeye hatusikii sisi. Wewe anakusikia."

"Mimi ni mtoto wa binti."

Fanuel akatazama mikono yake. "Akitema, nyumba ni yako. Na shamba lake la juu. Nitasema mbele ya wote."

Fanuel alipoondoka, Ajiambo akasema, "Wakesho, huyo akikupa mkono hesabu vidole."

Nilijua. Lakini usiku huo niliota parachichi zangu zimezaa mpaka matawi yamegusa udongo, na mimi natembea chini yake, na kila tunda lina uso wa mtu ninayemjua. Nilipoamka nilikuwa nimeshaamua kwenda.

Nilimkuta Nyanya jikoni kwa Fanuel, kando ya moto, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alininusa kabla ya kuniona.

"Unanuka Voi," akasema.

"Ni vumbi, Nyanya."

"Gari la moshi bado linalia?"

"Siku hizi linapita juu ya nguzo. Halilii sana."

Sikutaka kumzunguka. Nilimwambia yote: kampuni, kipande cha mawe, ahadi ya Fanuel. Alisikiliza huku akisukuma kuni ndani kidogo kidogo.

"Na wewe nyumba unaitaka?"

"Naitaka."

Sikuona haya kusema hivyo. Nyumba ile niliikandika mimi.

 Ukungu ulikuwa umeingia mpaka jikoni, ukachanganyika na moshi, na kuna wakati sikumwona uso, nikasikia tu pumzi yake, kana kwamba anapumua kutoka mbali, huko mwisho wa ule mstari wao.

"Nimechoka kuwa mchawi wa watu hawa," akasema mwishowe. "Mwambie nitatema."

Siku ya sherehe watu walijaa uwanjani. Kulikuwa na mahema meupe na ukungu ukayameza, ikawa ni sauti za watu tu zikitoka hapa na pale. Bwana Muli alivaa koti zuri na viatu visivyojua matope. Fanuel alizungumza maneno mengi juu ya kusonga mbele. Nyanya aliletwa akiwa amevaa kanga mbili, nikamshika mkono wenye nguvu, naye kibuyu akakishika kwa ule mwingine uliovunjika, kama kawaida yake, amekipakata.

Akajaza kinywa.  Nilimwona akifunga macho na sikujua anamwona nani. Koo lake halikushuka. Akapuliza, mvua nyembamba, ikakaa hewani kidogo na kuungana na ukungu, na mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia.

Kisha akasema, kwa Kidawida, sauti ndogo ila kila mtu aliisikia: "Kama nilikuwa na hasira na ukoo huu, walioniogopa na kuniacha peke yangu na mtoto wa binti yangu, iende na haya. Watoto wenu wawe wazima. Ng'ombe wenu wazae. Nimewaachia."

Akamrudishia mzee mmoja kibuyu.

Bwana Muli akamwinamia Fanuel. "Amesema nini kuhusu shamba?"

 Fanuel akamsogelea Nyanya. "Na ya nyika, Nyanya? Ya makonge?"

"Hiyo nilikabidhiwa na mume wangu," Nyanya akasema. "Mume wangu hajaja kuidai. Hawa wanaoitaka mimi siwajui."

"Lakini ulisema utatema."

"Nimetema. Mjukuu wangu, hukuona? Umelowa shati."

Watu wengine walicheka, na kicheko kilitembea ndani ya ukungu kama mtu anayepapasa njia. Lakini desturi haikuishia hapo. Mkubwa akishawasamehe walio wake, nao hujibu. Wazee wakapokea kibuyu mmoja baada ya mwingine, wakatema, wakasema kama walikuwa na neno juu ya Mkamburi liende. Fanuel naye alitema. Asingeweza kukataa mbele ya umati ule. Kisha kibuyu kikafika kwangu.

Nilikishika. Pombe ilinuka miwa, labda miwa niliyoipanda mimi. Wote walikuwa wakinitazama, na Nyanya pia. Nilijitafuta ndani nione kama kuna kitu kilicholegea, nikakuta kila kitu kimekaa mahali pake, godoro, sufuria, ghala la mahindi. Kutema kwa uongo ni hatari kuliko kutotema. Nikampa anayefuata.

"Mimi bado," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Nyanya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia bei ya haki.

Bwana Muli aliondoka akisema mazungumzo yataendelea. Madai ya nyika yakabaki wazi, kama yalivyokuwa tangu yule Mzungu wa farasi. Fanuel alinikuta nyuma ya hema nikikunja kanga ya Nyanya.

"Nyumba sasa usiiulize."

"Sijaiuliza. Wewe ndiye uliyeileta Kaloleni ikiwa mdomoni."

Nyanya akasema kutoka pale alipokaa, "Fanuel, nataka kwenda na Wakesho."

 Fanuel hakuwa na sababu tena ya kumwogopa, na bila woga hakuwa na sababu ya kumweka. "Aende," akasema.

Kaka yake Ajiambo ana gari aina ya Probox, na Ajiambo alikuwa amekuja naye kula wali wa sherehe. Tukamweka Nyanya mbele. Tuliteremka kona baada ya kona, ukungu ukabaki juu yetu kama paa, na ghafla tukawa katika mwanga wa nyika, mkali mpaka Nyanya akafunika macho. Hakuwa ameshuka tangu ile siku ya uhuru. Tulipofika kwenye ua wa makonge aliomba tusimame.

Akashika waya. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kutoka mlimani alijua kila mahali, lakini hapa chini mistari yote ilifanana, na jiwe la mahindi hakuliona.

"Wamelisogeza," akasema.

"Jiwe halisogezwi, Nyanya," nikasema.

"Basi ni mimi."

Akamgeukia Ajiambo, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na sahani ya wali aliyofungashiwa. "Na wewe, mwanangu, baba yako walimzika wapi?"

"Humu ndani," Ajiambo akasema. "Kuna makaburi ya wafanyakazi upande ule. Hawakutaka gharama ya kumrudisha kwetu."

Nyanya akafikiri. "Basi hata wewe ni kwenu humu. Siku ikirudi, utachukua upande ule wa baba yako."

"Nyanya, usinigawie shamba ambalo hujapewa."

"Nitagawa. Nimelishika muda mrefu kuliko wote."

Akacheka mpaka akakohoa, na Ajiambo naye akacheka, sahani ikitikisika. Mimi sikucheka. Upepo wa nyika ulikuwa umeanza kuinua vumbi jekundu katikati ya mistari, nikamfunga leso kichwani, nikamtoa vidole kwenye waya kimoja kimoja, tukaingia garini.